Barua ya Damu Yangu Tulivu

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya watafiti imefika. Mwaka jana walinitoa damu, leo wamejibu. Nina jeni za aina inayoishusha ile protini ambayo hupanda damuni mwili unapovimba au kupata maambukizi. Naeleza, kwa faida ya atakayesoma baada yangu: uvimbe usiokwisha huandamana na saratani. Protini yangu iko chini tangu tumboni mwa mama. Kwa hiyo saratani hainijui! Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Hesabu kama hii naifanya nimefumba macho.

Mke wangu kaisoma, kaigeuza nyuma, kauliza ni wapi palipoandikwa nisiende kupimwa utumbo Jumatano ya wiki ijayo. Kaka yangu alikufa kwa saratani ya utumbo, na mke wangu hasahau. Lakini kuingizwa kamera kwa nyuma! Kwa mtu mzima na heshima zake!

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, fundi saa, kaja kunywa chai bila kualikwa. Naye alipimwa na watafiti walewale: jeni zake huipandisha protini. Nikampa pole kabla hajakaa. Akacheka hadi akapaliwa. Kumbe utumbo wake ulishapimwa, ni msafi. Akaniuliza, mwalimu, unaogopa kamera au unaogopa picha? Mke wangu, dada yake, naye kicheko. Ukoo mzima hauna adabu.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango: nimempelekea daktari barua, nimeomba cheti cha kusamehewa kipimo. Daktari mwenyewe nilimfundisha. Hata mstari wa pambizo daftarini hakujua kupiga. Leo ananieleza. Mimi! Ati tafiti alizosoma zimelinganisha wenye jeni za kupandisha na wenye za kushusha, na saratani haikufuata jeni hizo. Ati protini ni filimbi ya mlinzi: hulia mwizi akiingia. Mlinzi aliyezaliwa na pumzi fupi hapunguzi wezi.

Mfano dhaifu. Nimempa tano kwa kumi, kimoyomoyo. Nikamjibu kwamba mlinzi wangu yuko kimya kwa sababu wezi hawapo. Akauliza, na kaka yako, mwalimu?

Nikaaga.

Jumanne, 11 Machi
Tumbo lisiposafishwa, kipimo huahirishwa. Basi dawa ya kusafishia nimeimwaga yote kwenye sinki. Mke wangu akatoa chupa ya pili kabatini! Alikuwa nayo tangu juzi. Kasimama mbele yangu, mikono kiunoni, mpaka tone la mwisho.

Yaliyofuata sitayaeleza. Ni mara ya kwanza maishani nakataa kueleza.

Jumatano, 12 Machi
Wamekuta kinyama kilichoota utumboni, wamekitoa papo hapo. Daktari kasema kingeachwa, baada ya miaka kadhaa kingeweza kugeuka saratani. Mke wangu akalia pale pale kwenye benchi. Shemeji akamshika bega, kisha akanishika mkono mimi, bila utani wowote. Nimeona aibu kwa niaba yake.

Alhamisi, 13 Machi
Nimetafakari. Kinyama kimoja tu! Mwenye jeni mbaya angekuwa na shada zima. Barua ilisema kweli. Wao ndio hawajui kusoma.

Nimepewa kadi: nirudi baada ya miaka 3. Imeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa haraka. Naeleza: tatu ni nane iliyoachwa wazi upande mmoja. Mke wangu yuko sokoni. Kalamu ya bluu ninayo.

Nimeifunga ile tatu.