Koti la Harusi Golini

Jumapili, 6 Aprili 2025

Jana tena! Tumefungwa moja bila kule Lwakhakha. Hii ni mechi ya nane msimu huu na timu yangu, Radi ya Misikhu, ina goli moja tu. Hilo nalo alilifunga beki wa wapinzani akijaribu kuokoa.

Jana nilihesabu mashuti. Kumi na tisa. Manane juu ya mwamba. Sita kwenye shamba la mihogo. Manne hayakufika popote. Moja lilimpata mama anayeuza ndizi, akapiga kelele hadi refa akasimamisha mchezo.

Leo baada ya ibada kamati ya timu imeniita nyuma ya kanisa. Wamesema Jumamosi tunacheza Kitale dhidi ya Mahindi Bora. Si lazima tushinde. Wanataka goli moja tu. Likikosekana, ukocha unakwenda kwa Mwalimu Emmy, anayefundisha darasa la sita na aliyewahi kucheza mpira kweli kweli.

Miaka kumi na moja nimekuwa Kocha. Sokoni naitwa Kocha. Kanisani Kocha. Hata binti yangu Lorraine akipiga simu kutoka Nairobi humuuliza mama yake, Kocha yuko? Wakininyang'anya hilo nitabaki Jairus anayeuza mbolea kwa kilo. Nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumatatu, 7 Aprili

Emmy amepita dukani. Amesema, kwa heshima zote, kwamba shida ya vijana wangu si kubwa. Wanapiga kwa ncha ya kiatu huku wamefumba macho. Watumie upande wa ndani wa mguu, waangalie mpira, walenge pembeni pale kipa hayuko. Warudie mara hamsini kila jioni.

Hamsini! Nikamshukuru na kumsindikiza mlangoni. Rahisi huvunja upishi. Hata mtoto mdogo anajua kwamba mpira unapigwa pale kipa hayuko. Mimi natafuta mbinu.

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi. Kipa wetu Mukhwana hakuja, amepanda Kapsokwony na pikipiki kuleta viazi. Kevin, mshambuliaji wetu, akapiga mipira kumi kwenye goli lisilo na mtu. Akafunga miwili. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema, "Kocha, hii gori iko wazi sana bana. Sioni kitu ya kulenga."

Kitu cha kulenga! Mbona sikuwaza? Mke wangu Rispah amesimamisha sanamu la kutishia ndege katikati ya mahindi yake yanayoanza kuchipua. Ni gunia la nyasi, limevikwa koti langu jeusi la harusi, ambalo halinifungi tena tangu Lorraine aingie sekondari. Nikalibeba begani hadi uwanjani, nikalisimamisha katikati ya goli. Nikatangaza: atakayelipiga kifuani atapata mandazi ya Phelista wa sokoni, moto moto.

Walilipata mara nne. Rispah alikuwa Webuye, hajui lolote.

Jumatano, 9 Aprili

Mara kumi na tano! Kevin peke yake tisa mfululizo, zote karibu na kifungo cha pili. Phelista amelazimika kukanda unga upya. Nimepita sokoni polepole ili nisalimiwe na kila mtu.

Nyumbani Rispah aliuliza nani ameona sanamu lake. Kwale wamefukua mstari mzima wa mahindi. Nikasema siku hizi watu wanaiba hata nyasi. Akaendelea kuchambua mboga.

Alhamisi, 10 Aprili

Thelathini na moja kati ya arobaini! Hakuna timu Bungoma nzima yenye shabaha hii.

Emmy alikuja kusimama kando ya mstari, mikono kifuani. Akaniuliza kama mpira ukishagonga lile koti huwa unaingia golini. Nikamjibu kwamba hii ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili sijaipanga, lakini hilo sikumwambia. Mwenye wivu ajinyonge.

Kwale wamemaliza mstari wa pili.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika kabla ya kuvua viatu.

Kitale kulikuwa na mvua na baridi ya kuuma mifupa. Kipindi cha kwanza tulipiga mashuti saba. Yote yalipotea. Mahindi Bora wakafunga moja. Wakati wa mapumziko Kevin alikuwa karibu kulia. Jezi ya kipa wao ni ya manjano, na macho ya vijana yamezoea nyeusi. Akasema, "Bila ile koti, Kocha, mimi siwezi."

Bahati nzuri nilikuwa nalo kwenye begi, kwa ajili ya baraka. Kipa wao anaitwa Kibiwott, jitu la watu, na alikuwa anatetemeka karibu na nguzo kama kuku aliyenyeshewa. Nikamwendea kwa moyo wa Kikristo. Nikamwambia, mwanangu, utapata nimonia hapa, vaa hili koti. Refa alisema yeye hana shida, mradi rangi haifanani na ya timu yoyote. Kibiwott alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana mzee, Mungu akubariki." Koti lilimkaa kuliko lilivyowahi kunikaa mimi, hata siku ya harusi.

Kipindi cha pili tulipiga mashuti kumi na moja. Yote kumi na moja yalilenga goli! Haijawahi kutokea!

Yote kumi na moja yalitua kifuani mwa Kibiwott. Hakuwa hata anasogea. Kuna wakati aliinama kufunga kamba ya kiatu, mpira ukamfuata huko huko chini.

Dakika ya themanini na tisa, penalti. Kevin akaweka mpira. Nilipiga magoti kwenye matope na kuomba hilo goli moja tu. Kibiwott aliruka kushoto mapema, kabla mpira haujaguswa. Katikati peupe. Kulia peupe, trekta lingepita. Lakini Kevin alikuwa analitazama koti. Lilipokwenda naye akaenda. Mpira ukampata Kibiwott mbavuni akiwa amelala.

Kabla ya filimbi ya mwisho wakatuongeza la pili. Mbili bila. Kibiwott amepewa jogoo, zawadi ya mchezaji bora wa mechi. Koti alinirudishia likiwa limekunjwa vizuri, akaniombea safari njema. Nikaenda nyuma ya choo cha uwanja nikalia.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Watu walipunga matawi na kuimba, kisha kamati ikaitisha kura ya watu wote. Kila mkono ulikwenda juu kwa Emmy. Mkono wa Rispah pia, tawi likiwa bado limo.

Nilimuuliza njiani ilikuwaje. Akanionyesha simu. Watu wa Kitale wametuma picha za Kibiwott na jogoo wake, koti linaonekana hadi vifungo. Rispah aliniuliza jambo moja tu: "Baba Lorraine, kweli, koti ya harusi yetu?"

Tulipofika sokoni Phelista aliniita kutoka kibandani. Jairus, leo huchukui mandazi?

Jairus. Hakusema vibaya, alisema tu. Nikamjibu sina njaa, na njaa nilikuwa nayo.

Jumanne, 15 Aprili

Jana nilipita karibu na uwanja, kwa bahati tu, mara tatu. Emmy ameweka ndoo mbili, moja kila pembe ya goli. Hamna sanamu, hamna mandazi. Wanapiga kwa upande wa ndani wa mguu, hamsini hamsini. Kevin alifunga kumi na mbili kati ya ishirini na watu wakapiga makofi. Matunda ya msingi nilioujenga mimi! Asante sijasikia. Nabii hana heshima kwao.

Haya nayaandika nikiwa shambani, nimesimama. Gunia lile lilipasuliwa na mipira, halifai tena. Rispah amepanda upya, na ameamua kwamba hadi mahindi yashike, nitasimama hapa mimi kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Nimevaa koti. Halifungi.

Lakini nimepata nafasi ya kufikiri, na kosa nimeliona. Ni rangi! Jeusi kwenye mvua halionekani vizuri, ndiyo maana mpira ulikuwa unamlenga kipa badala ya goli. Ilifaa nyekundu. Rispah ana gauni jekundu la Krismasi, liko chini kabisa ya sanduku. Alhamisi anaenda Webuye. Nikilijaza nyasi na kulisimamisha pale golini, Emmy mwenyewe atakuja kunibembeleza nirudi.

Kwale mmoja amefika hadi kwenye kiatu changu, anafukua mbegu. Nimemwambia mimi ni Kocha. Ameendelea kula.