Kilo Arobaini na Sita za Mashaka

Gazeti lilikuwa moja na wasomaji tulikuwa wanne, na kwa kuwa Wakili ndiye aliyelileta, ndiye aliyesoma kwa sauti.

"Bodi ya shule moja ya sekondari imewapa walimu wake hadi leo, saa nne asubuhi, wawe wamethibitisha kwa maandishi kwamba wamechagua kumwamini Mungu. Atakayeshindwa atahesabiwa kuwa amejiuzulu."

Alisoma hadi mwisho, kisha akalikunja gazeti taratibu, kama mtu anayekunja cheti chake mwenyewe. Si ajabu. Wakili si wakili. Ni karani wa shule hiyohiyo. Jina alilipata hapa kijiweni kwa sababu hawezi kuomba sukari bila kuanza na "kwa kuzingatia". Fomu iliyotajwa gazetini aliiandika yeye.

"Sasa mjue mnakunywa kahawa na nani," alisema.

"Tunajua," alisema Mizani. "Ndiyo maana tunainywa haraka."

Mizani ni fundi wa mizani. Za sokoni, za zahanati, za bandari ya mizigo, zote humpitia mikononi, na kibanda chake kiko hatua kumi kutoka hapa. Hakubali jambo mpaka alipime mara mbili, na hata hapo huliandika kwa penseli.

Kijiwe chenyewe ni jiko la Mama Birika, meza yake, na benchi moja refu. Ncha ya benchi iliyo karibu na ukuta ni nzima. Ncha ya upande wa barabara ina mguu uliofungwa waya, na mwezi uliopita ilimmwaga Wakili chini pamoja na kikombe cha moto. Tangu hapo sote tunabanana ukutani, mabega yamepishana, na nusu ya benchi inabaki tupu kama imetengwa kwa mgeni rasmi.

Asubuhi hiyo aliyebanwa katikati alikuwa Mwalimu. Anafundisha fizikia shuleni kwa Wakili, mwaka wa kumi na mbili sasa. Fomu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, haijasainiwa. Nyumbani ana mke na mtoto wa miezi minne. Saa ya kinyozi, ng'ambo ya barabara, ilionyesha saa tatu na dakika tano.

"Itoe tuione," Mizani alimwambia.

Mwalimu aliitoa, akaisoma kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Mimi, nukta nukta, nikiwa na akili timamu, nimechagua kwa hiari yangu kumwamini Mungu kuanzia tarehe, nukta nukta, hadi taarifa nyingine itakapotolewa."

"Hadi taarifa nyingine," alirudia Mizani.

"Ni lugha ya kawaida ya ofisi," alisema Wakili. "Nilifuata muundo wa fomu ya likizo."

"Na hapa chini pameandikwa nini?"

"Viambatisho," alisoma Mwalimu. "Picha ndogo mbili."

"Za Mwalimu au za Mungu?" aliuliza Mama Birika kutoka jikoni.

Wakili hakucheka. "Dhihaka ni rahisi, Mama. Lakini wewe ni mtu wa ibada, nilitegemea uniunge mkono."

"Mimi namwamini Mungu, kila mtu hapa anajua. Ila sikumbuki kujaza kitu. Nilimkuta nyumbani, kama nilivyomkuta mama yangu. Hakuna aliyeniita kwenye kikao akaniuliza kama naafiki."

"Ulichagua bila kujua."

"Basi sikuchagua, baba. Nikitia chumvi kwenye chai bila kujua, utasema nimechagua chumvi?"

Wakili alijiweka sawa, na kwa kuwa tulibanana, tulisogea sote. "Kwa kuzingatia hali halisi," alianza, "binadamu ana utashi. Anachagua mke, anachagua kazi, anachagua shati. Kwa nini ashindwe kuchagua imani? Mwalimu anafanya ukaidi tu. Aamue, asaini, arudi darasani. Dakika mbili."

"Kusaini naweza," alisema Mwalimu. "Hata sasa. Kalamu ninayo."

"Sasa shida nini?"

"Hapa hapajaandikwa 'nasaini'. Pameandikwa 'nimechagua kumwamini'. Nimejaribu, na haijafanyika."

"Umejaribu vipi?" aliuliza Mizani. Mambo ya njia za majaribio humgusa.

"Siku arobaini. Kila asubuhi kabla ya mtoto kuamka. Nilipiga magoti, nikasema maneno yote ninayoyajua toka utotoni, na ninayajua mengi. Ilikuwa kama kupiga simu kwenye namba isiyotumika. Siku ya arobaini na moja nilikuwa naumwa magoti."

"Zamani uliamini?"

"Sana. Sikumbuki siku imani ilipoisha. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu, nikagundua kwamba haipo tena, kama unavyogundua mvua imekatika. Hakuna aliyeniudhi. Hakuna aliyekufa. Ingekuwa hivyo ningekuwa na kisa cha kuwaeleza bodi, na bodi inapenda visa."

"Mwenzetu anajitetea vizuri," alisema Wakili, "lakini hajafanya hesabu. Ukiamini na Mungu yupo, umefaulu. Ukiamini na hayupo, hujapoteza kitu. Mtu wa fizikia anashindwaje kuona hilo?"

"Naliona. Lakini huyo Mungu wako, akiwepo, hatajua kwamba nilimfuata kwa sababu ya hesabu hiyo? Anajua idadi ya nywele zangu, halafu anadanganywa na fomu ya likizo?"

"Atakusamehe."

"Kama anasamehe wanaosaini bila kuamini, atashindwaje kumsamehe aliyekataa kumdanganya?"

Mama Birika alimwongezea Mwalimu kahawa bila kuombwa. Wakili alikiona kikombe kikijaa, akaona na chake hakikujazwa.

"Sawa," alisema, na safari hii sauti yake ilishuka. "Tuache utani. Mtu akitaka, anaweza kukaa na waumini, asome, asali hata akiwa mkavu. Moyo una tabia ya kufuata miguu. Nimewaona watu wa namna hiyo."

Lilikuwa jambo lake la kwanza la maana tangu saa mbili, na Mwalimu alilipokea kwa heshima iliyostahili.

"Hapo nakubaliana na wewe, ndugu yangu. Kuchagua pa kutazama naweza. Nimetazama siku arobaini na nitaendelea kutazama. Ila siwezi kuchagua nitakachokiona. Ungeandika hivyo kwenye fomu ningesaini siku ileile."

"Bodi haitaki watazamaji. Inataka waumini." Wakili alikuwa amerudi ofisini kwake. "Na mimi nasema imani ni uamuzi, nukta. Mimi binafsi naweza kuamua kuamini jambo lolote, sasa hivi, mbele yenu."

Hilo ndilo kosa alilolifanya, na alilifanya mbele ya fundi wa mizani.

"Lolote?" aliuliza Mizani.

"Lolote lile."

"Amini kwamba ile ncha ya barabarani ni nzima."

Sote tuliutazama mguu wenye waya.

"Naamini," alisema Wakili.

"Haraka hivyo?"

"Nimekwambia ni uamuzi. Nimeamua."

"Basi nenda ukakae. Subiri kwanza."

Mizani alikwenda kibandani akarudi na mizani ya zahanati, ile bapa ya kusimamia, aliyokuwa ameikamilisha jana. Aliiweka chini, akaipapasa kama mtu anayemtuliza mnyama, akasubiri sindano itulie kwenye sifuri.

"Panda."

Wakili alipanda. Kilo sabini na nne. Mizani aliandika kwa penseli pembezoni mwa gazeti.

"Sasa kaa huku ukutani, palipo pazima, na nyayo zako ziwe juu ya mizani."

Tulimpisha. Wakili alikaa. Sindano ilishuka hadi kumi na mbili.

"Kilo kumi na mbili ni uzito wa miguu yako ikiwa imepumzika," Mizani alieleza. "Zilizobaki amezibeba Mama Birika, maana benchi ni lake. Hivi ndivyo anavyokaa mtu asiye na wasiwasi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Nenda upande wa pili."

Mizani ilihamishiwa barabarani. Wakili aliifuata kwa mwendo wa mtu anayepanda jukwaani kupokea tuzo, akageuka, akavuta suruali magotini, akakaa. Uso ulikuwa mtulivu. Alitabasamu kabisa. Kwa mtu aliyesimama kwa kinyozi, pale alikuwa amekaa bwana mmoja anayepumzika.

Mizani aliinama. Akasoma. Akaondoa vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Hamsini na nane."

"Maana yake nini?" aliuliza Mama Birika, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Maana yake bwana hajakaa. Amesimama akiwa amejikunja. Tulitegemea kumi na mbili, tumepata hamsini na nane. Kilo arobaini na sita za Wakili zina mashaka."

"Mizani yako mbovu," alisema Wakili. Mapaja yake yalianza kutetemeka.

"Ilikuwa nzima ulipokuwa ukutani. Amua tena. Labda hukuamua vizuri."

"Nimeamua."

"Hamsini na sita. Tunaelekea kwenye wokovu."

"Nawaambia ninaamini kwa moyo wangu wote."

"Moyo sina ubishi nao, sikuupima. Nauliza makalio."

Jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo wa Wakili. Alijaribu, lazima nimpe haki yake. Alifumba macho, akavuta pumzi, tukaona anavyojilazimisha. Sindano ilishuka hadi hamsini na mbili. Benchi lilitoa mlio mdogo, wa kawaida kabisa kwa mbao, na sindano ikaruka hadi sabini na nne, kwa sababu Wakili alikuwa wima.

Mizani aliandika namba ya mwisho akaipigia mstari.

"Lilinimwaga mwezi uliopita," alisema Wakili. "Nina sababu."

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ndicho ninachosema tangu saa tatu."

Mama Birika alifuta mikono kwenye kanga yake, akaja kutoka nyuma ya jiko, akatuomba tupishe. Ni mwanamke mzito, na kilo zake hatuzitaji. Aligeuka, akakaa kwenye ncha ya barabarani kwa uzito wake wote, kama mtu anayefika nyumbani. Kisha akainua miguu yote miwili, akaikunja juu ya benchi. Sindano ilikuwa kwenye sifuri. Benchi lilibaki kimya.

"Mama," alisema Mizani, na mara hii penseli ilikuwa hewani. "Umefanyaje?"

"Sijafanya kitu. Fundi seremala alikuja juzi jioni mlipoondoka. Ametia mguu mpya kwa ndani, na skrubu nne. Waya nikauacha palepale, haukuwa ukimdhuru mtu."

"Na siku mbili zote hizi tumebanana ukutani?"

"Hamkuuliza. Na mlivyobanana mlikuwa mnagombana kwa sauti ya chini, nikaona heri."

"Kwa hiyo wewe ulichagua kuamini," alisema Wakili, akiona mlango wa kutokea.

"Sikuchagua, baba. Nilimwona fundi."

Mwalimu alimnyooshea Wakili mkono. "Niazime kalamu yako. Hii kazi nataka ifanywe kwa wino wa ofisi."

Wakili alimpa, akiwa na matumaini. Mwalimu aliitandaza fomu juu ya benchi, ncha ya barabarani, kando ya miguu ya Mama Birika. Aliandika jina. Aliandika tarehe. Kwenye "nimechagua kwa hiari yangu kumwamini Mungu" akapiga mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, unaosomeka hata kutoka nyuma ya darasa: *Naendelea kutazama. Fundi bado sijamwona.*

Akasaini. Akatoa mfukoni picha zake mbili, akaziambatisha.

Wakili aliisoma akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Bodi haitaelewa."

"Utawaeleza. Ulikuwepo."

"Watakuondoa, Mwalimu. Hawatasubiri hata Jumatatu."

"Najua. Nina kipindi saa tatu na nusu, kidato cha nne, mada ni msawazo wa nguvu. Nataka nikimalize kabla bodi haijaipokea fomu hii." Alimgeukia Mizani. "Nitaiomba hii mizani, nitairudisha mchana."

"Chukua. Na hizi namba pia." Mizani alichana pembezo ya gazeti akampa. Gazeti lilikuwa la Wakili, lakini Wakili hakulalamika.

Mwalimu aliichukua fomu, akaitia mfukoni, akaondoka na mizani kwapani. Mizani alirudi kibandani. Mama Birika aliteremka, akarudi kwenye jiko lake, na nilipoinuka mimi benchi lote lilibaki tupu, kutoka ukutani hadi barabarani.

"Na barua ya kumwondoa nitaiandika mimi," alisema Wakili, isijulikane anamwambia nani.

Mama Birika hatimaye alimjazia kikombe. "Basi kaa unywe. Benchi ni lako lote leo. Umesikia mwenyewe limetengenezwa."

"Nimesikia, Mama. Naamini kabisa," alisema Wakili, akapokea kahawa yake, akaimaliza amesimama.