Kila Mshindi na Mshindwa Wake

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma kwamba Idara ya Kusindikiza Ushindi imevunja rekodi ya usalama. Tangu tuanze kazi, hakuna hata senti moja ya ushindi wa kubeti iliyopotea njiani kutoka pochi ya simu kwenda akaunti ya benki. Wenye chokochoko wanasema haijapotea kwa sababu haijawahi kuondoka. Usalama una gharama zake.

Mimi ndiye Afisa Mwandamizi wa Dirisha. Dirisha ni moja, kwa hiyo uandamizi wangu hauna mpinzani. Utaratibu wetu ni rahisi: ukishinda mkeka wako wa kubeti mtandaoni, pesa inaingia kwenye pochi ya simu yako, ukitaka kuihamishia benki, unakuja hapa ukiwa na mshindwa wako. Maana ukiona mtu ameshinda, ujue kuna aliyeshindwa, na serikali makini haiwezi kumsahau huyo. Mshindwa anasimama mbele yangu, anatamka kwamba ameridhika, kisha mimi nabonyeza kitufe. Kitufe chenyewe bado kipya kabisa.

Wazo hili ni la Mkurugenzi wetu, mtu wa maono. Wiki ile alikuwa amekuja na jingine: tangu Jumatatu aliendesha vikao vyote akiwa amesimama. Hakueleza sababu, na sisi hatukuthubutu kumuuliza. Tulikusanya viti vyote vya ofisi tukavifungia stoo, tukauita mpango huo Utumishi Usiokaa. Mimi mwenyewe miguu ilinivimba kwa uzalendo.

Alhamisi akaja tena fundi cherehani mmoja, dada mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni.

"Habari za kazi, kaka."

"Salama, dada. Mshindwa wako yuko wapi?"

"Kaka yangu, cherehani yangu imekufa. Nashona sare za wanafunzi kwa mkono, vidole vimeota sugu. Kuna mtu anauza yake, ila anataka alipwe benki, na amesema jioni hii asipoiona pesa anampa mwingine. Nitakula wapi mimi? Nisaidie."

"Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa," nikamwambia, kwa ule upole tuliofundishwa semina.

"Hata juzi uliniambia hivyohivyo. Linashughulikiwa na nani?"

Nikageuka nyuma kutazama. Hapakuwa na mtu.

Foleni ikaanza kuguna. Mkurugenzi akasikia, akatoka ofisini kwake ndani ya koti jipya la kijivu. Aliweka simu yake juu ya kaunta ili mikono ipate nafasi ya kufafanua sera.

"Binti," akasema, "sheria ni msumeno. Hatuwezi kukukabidhi furaha kabla hatujasikiliza majonzi ya mwenzako."

Fundi akamtazama kuanzia bega hadi pindo. Nilimwonea huruma, maana wenye shida huwa hawaelewi sera mara moja.

"Sawa, mzee. Basi mshindwa wangu yupo."

"Yuko wapi?"

"Yumo ndani ya koti nililomshonea mimi."

Nikalitazama koti. Lilikuwa limeshonwa vizuri.

"Jumamosi ulikuja kulijaribu," fundi akaendelea, bila haraka. "Mechi ilikuwa redioni. Mimi nimeibetia timu ya mkiani, wewe umewabetia vinara wa ligi. Ukanicheka, ukasema niachane na mpira nishike sindano. Vinara wako walipofungwa mwishoni, ukajibwaga kitini bila kutazama. Ukakaa juu ya kisahani changu cha pini."

Hapo ndipo nilipopata ufafanuzi wa kitaalamu kuhusu Utumishi Usiokaa.

"Huo ni uzushi," akasema Mkurugenzi. "Mtumishi wa umma habeti."

Simu yake ikalia pale kwenye kaunta. Kwa mujibu wa majukumu yangu, kila kinachowekwa pale hukisoma kwa sauti. Nikasoma: "Pole, mteja wetu mpendwa. Mkeka wako wa leo umechanika. Usikate tamaa, kama kawaida yako."

Kisha babu mmoja fundi baiskeli, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasema, "Kumbe hata mimi niliyemshinda ni huyuhuyu." Muuza mkaa nyuma yake naye akasema mechi yake ilikuwa ya Jumapili, je, mheshimiwa hakuibetia? Aliibetia. Ilibainika kwamba Mkurugenzi alibeti kila mechi iliyochezwa, na kila mechi alishindwa, kwa uadilifu usio na kifani. Hakuna mshindi kwenye foleni yetu aliyekosa mshindwa.

"Umeridhika?" nikamuuliza, kama utaratibu unavyotaka.

Jasho lilikuwa limeanza kulilowesha koti.

"Nimeridhika. Maliza upesi."

Nikabonyeza kitufe. Kilikuwa kigumu kidogo. Simu ya fundi ikatoa mlio, akaisoma, akaketi palepale sakafuni na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Nakiri nilifurahi hata mimi, ingawa furaha hiyo haikuwa kwenye bajeti.

Wizara haikumfukuza Mkurugenzi. Kipaji kama kile hakitupwi. Amepewa cheo kipya cha Mshindwa wa Taifa, na kituo chake cha kazi ni kando ya dirisha langu, ambako huridhika kuanzia asubuhi hadi tunapofunga. Ukurugenzi naukaimu mimi. Viti vimerudishwa.

Cha kwake tuliagiza kiwekewe mto, na kazi hiyo akaipata fundi yuleyule, mwenye cherehani yake sasa. Siku alipouleta, Mshindwa wa Taifa aliuzunguka mto ule, akaubonyeza kwa kidole, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyekagua usije ukawa na pini.

"Ombi lako limepokelewa, mzee," fundi akamjibu. "Linashughulikiwa."