Mwenyekiti wa Makamu Kumi na Mmoja

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya misa katekista alisoma tangazo refu la jimbo. Wengi walisinzia. Mimi masikio yalisimama. Ruzuku kwa vikundi vya wakulima wasiotumia mbolea za dukani! Mbegu, majembe, na tangi la maji la lita elfu tano. Masharti: watu kumi na wawili, viongozi waliochaguliwa na wenyewe, na lundo la mboji lililo hai. Kikundi ninacho tayari: mimi. Wamebaki kumi na mmoja tu.

Mke wangu huteka maji kisimani mara tatu kwa siku. Tangi nilimwahidi mwaka tuliooana. Nikamwambia safari hii ni kweli. Akauliza kama ni kweli kama ile ya mizinga. (Wale nyuki bado wanaishi darini kwetu.)

Jumanne, 9 Septemba
Kikundi kimetimia! Kila niliyemfuata nilimwahidi umakamu mwenyekiti, nikamwomba aifanye siri. Muuza mkaa nusura anikumbatie. Fundi cherehani wa sokoni, mama mwenye ulimi mkali na bustani nzuri kuliko zote, aliuliza mwenyekiti ni nani. Nikasema ni mtu mnyenyekevu. Akasema basi si wewe. Nikamwandika hivyo hivyo, maana watu walikuwa hawatoshi. Wa mwisho ni mke wangu. Naye ni makamu.

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa. Sista wa jimbo anakuja kukagua kesho kutwa, na mboji huchukua wiki kadhaa. Fundi cherehani analo lundo zuri nyuma ya nyumba yake. Kumwomba yeye? Afadhali nimeze jembe.

Muuza mkaa kanieleza wanavyopima. Kijiti huchomekwa katikati ya lundo. Kikitoka na joto, mboji iko hai. Joto tu? Joto liko jikoni kwangu.

Jumamosi, 13 Septemba
Asubuhi nilizika chupa ya chai ndani ya lundo la nyasi, mdomo wazi, nikachomeka kijiti humo. Saa nne Sista akafika. Akachomoa kijiti, akakishika, akatabasamu. Kisha akakinusa. Akasema amekagua mboji miaka ishirini, na hii ndiyo ya kwanza yenye maziwa na sukari. Mke wangu alinitazama. Alikuwa ameitafuta chupa yake tangu asubuhi.

Sista akasema basi azungumze na makamu mwenyekiti. Wakasimama kumi na mmoja.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakatazamana, wakacheka mpaka muuza mkaa akakaa chini. Halafu wakafanya uchaguzi pale pale, kwa punje za maharage kwenye bakuli. Fundi cherehani, kumi na moja. Mimi, moja. Naijua, niliiweka mwenyewe. Nikapewa cheo cha kugeuza mboji.

Sista akaenda kupima lundo la fundi. Kijiti kikatoka cha moto, bila sukari. Akasema sasa ameona kikundi. Likaja swali la tangi likae wapi. Mke wangu akasimama akasema nyumba yetu ndiyo iliyo mbali kabisa na kisima, nao majirani wa huku juu wangechota hapo. Wakanyoosha mikono wote. Ameomba tu, waziwazi! Niliona haya. Nilifurahi pia, sikatai.

Jumatatu, 29 Septemba
Tangi limefika. Limesimama uani kwetu, kama nilivyopanga. Mke wangu kafungua bomba, kanawa uso mara mbili bila sababu yoyote.

Nimeyatafakari sana yaliyotokea, nami nimepata funzo: chai haifai. Maji ya moto hayana harufu. Katekista anasema mwakani kuna ruzuku nyingine. Nimeshanunua chupa mpya, ya lita tatu. Nimeificha darini, kwa nyuki.