Santuri Yenye Kila Sauti

(Ilivyosomwa na Mwenyekiti Clifford Gitonga, Jumamosi, katika ukumbi wa Macquarie Fields, saa nane badala ya saa sita.)

Mheshimiwa Mlezi wa Umoja wetu wa Waswahili wa Sydney, ambaye hakufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye yuko njiani tangu asubuhi. Waheshimiwa wachungaji, pamoja na wale waliojipandisha wenyewe kuwa maaskofu. Waheshimiwa wauguzi mliotoka zamu na mnaoelekea zamu. Wazee wetu, hata yule anayecheka pale nyuma. Mabibi na mabwana, na watoto wetu mnaoelewa Kiswahili ila mnakijibu kwa Kiingereza: itifaki imezingatiwa, na kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajipigie makofi.

(Watu kumi na mmoja walijipigia.)

Ndugu zangu, mimi Clifford Gitonga, Mwenyekiti wenu wa muda kwa mwaka wa tisa mfululizo, nimesimama kuzindua mradi ambao haujawahi kuonekana katika nchi hii, yaani santuri ya nyimbo za mapenzi za ndugu yetu Wilondja, aliyeketi hapa mbele na mkewe Faida, mtu ambaye siku za kazi anaendesha forklift ghalani na wikendi anatuimbia harusini kwa ile sauti yake ya chini, ya taratibu, inayomfanya kila mama ukumbini adhani anaambiwa yeye.

(Kina mama waliitikia kwamba ni kweli. Kina baba walitazama viatu.)

Kama mjuavyo, Jumanne hii Wilondja anaingia hospitali kupasuliwa koo, na daktari amemwambia waziwazi kwamba uzima atapata, ila sauti hawezi kumwahidi. Ndiyo maana Faida alikuja ofisini kwangu, yaani gereji yangu ya Quakers Hill, tangu mwezi wa pili, akaniomba jambo moja dogo mno: mumewe arekodiwe jinsi alivyo, asinyooshwe na mashine. Akasema waimbaji wa siku hizi anaowapenda ni wale ambao ukiwasikiliza ni kama wameketi kwenye kiti chako cha jikoni. Unasikia kidole kikikwaruza uzi wa gitaa, unasikia mtu anameza mate kwanza ndipo aombe msamaha, na wewe umeshamsamehe kabla hajafika kwenye kiitikio.

(Mtu alipenga kamasi.)

Maneno mazuri, lakini hayana framework. Kwa hiyo Kamati Kuu ikafanya feasibility study, ikaita wadau, ikachora roadmap, na ikabaini kwamba uhalisia wa sauti unatokana, kwa asilimia themanini na saba nukta nne, na vitu visivyo mwimbaji. Narudia, visivyo mwimbaji. Au mlitaka tumweke tu mtu kwenye kiti, aimbe, tubonyeze kidude? Huo si mradi, huo ni uzembe.

(Mama Nahimana, mpishi wa shughuli zetu zote, alisema kutoka jikoni, "Mngebonyeza tu, baba." Mwenyekiti hakumsikia, kwa makusudi.)

Tukaunda Kamati Ndogo ya Makofi, iliyofanya mazoezi ya kupiga makofi ya ghafla kila Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu kamili, kwa wiki kumi na nne. Tukaunda Kamati Ndogo ya Kikohozi, tukasaili watu ishirini na sita, na mshindi, ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja, ni mimi. Tukashughulikia kiti kinacholia, birika linalochemka, kijiko kinachoanguka, na jirani yangu Ronnie anayekata majani, ambaye ilibidi akate mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hakusikika kama mtu anayekata majani kweli. Mama mmoja aliguna kwa mahaba mara tisa mpaka ikatoka kwa asili.

(Vicheko. Mama mmoja aliinama kutafuta mkoba uliokuwa mapajani pake.)

Siku ya mazoezi ya mwisho mimi mwenyewe niliketi nikasikiliza yote, dakika arobaini na tatu, macho nimeyafumba, na ilipofika zamu ya kile kikohozi nikakohoa, nikajisemea, Clifford, wewe ni hazina.

(Hapa Faida alisimama, akauliza kwa adabu, "Mheshimiwa, na sauti ya bwana yangu iko wapi ndani?")

Swali zuri sana, dada Faida, na lipo ukurasa wa tisa. Kipengele cha mwimbaji kimewekwa Phase Two, itakayoanza mara tu baada ya mkutano mkuu wa mwaka. Kuhusu hiyo Jumanne, tumeiandikia hospitali barua kuiomba iendane na ratiba yetu, na kutojibu kwao tumekuchukulia kama dalili njema. Basi tuitikiane: uhalisia kwanza!

(Watu: "Na wimbo?")

Uhalisia daima!

(Watu: "Na wimbo?")

Asanteni kwa mwamko huo. Namalizia kwa shukrani. Naishukuru Kamati ya Makofi, namshukuru Ronnie, nalishukuru birika. Namshukuru kipekee ndugu Wilondja, ambaye miezi yote hii hakutusumbua hata mara moja, kwa kuwa hatukumwita. Katika sanduku hili mna majalada mia mbili yenye picha yangu, na ndani ya majalada hamna kitu, maana hata yale makofi, ndugu zangu, kidude hakikubonyezwa. Kamati Ndogo ya Kubonyeza ilikuwa bado haijapata mwenyekiti. Ndugu Wilondja, naona umesimama. Keti tafadhali, wimbo haumo kwenye ratiba, na bado nina wafadhili wa kuwashukuru.

(Hakuketi. Mama Nahimana alichomoa waya wa kipaza sauti, Faida akabonyeza simu irekodi, akaisogeza karibu na mdomo wa mumewe, na Wilondja akauanza wimbo wake ule wa taratibu. Mwenyekiti aliendelea kusoma mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Kwenye simu anasikika, kwa mbali, kama mtu anayegombana na redio nyumba ya pili.)