Jiko la Siku Moja

Matar aliiona bahati yake akiwa ghorofa ya juu ya basi, upande wa Stratford, Landani, miaka kadhaa kabla ya habari za Olimpiki. Basi lilisimama kwenye taa nyekundu, naye akajikuta uso kwa uso na bango kubwa lililotundikwa kwenye ukuta wa ghala tupu. Serikali, bango lilisema, imelifanya eneo lile kuwa eneo maalumu la biashara. Atakayefungua kazi hapo atasamehewa kodi miaka miwili na kusaidiwa kupata mashine. Akimwajiri mtu wa mtaani aliyekosa kazi muda mrefu, serikali itachangia mshahara.

Mtu mwingine angesoma, akaendelea na safari yake. Matar alishuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu, akalisoma tena bango kwa unyenyekevu, kama mtu aliyefika kwenye kaburi la babu yake.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angefungua biashara ya siku moja tu, siku ya ukaguzi. Serikali ingeleta mashine, yeye angeziuza, kisha angekwenda kupumzika Dubai. Kilichobaki ni kupata wenye biashara, maana jina lake mwenyewe lilikuwa limechakaa katika ofisi za mji ule, na hakuona busara kulitoa tena nje.

Akamkumbuka Bi Ummukulthum, mjane wa Kizanzibari aliyekuwa akikaanga sambusa za kuuza katika fleti yake. Zilikuwa sambusa za kumfanya mtu asahau baridi. Lakini jirani wa juu alilalamikia moshi wa mafuta, na ofisi ya nyumba ikamwonya: akikaanga tena za biashara, fleti itachukuliwa. Tangu siku hiyo sufuria zake zilikaa juu ya kabati zikikusanya vumbi, na yeye mwenyewe alianza kufanana nazo.

"Shangazi," Matar alimwambia, ingawa hawakuwa na udugu wowote, "nimekupatia jiko."

"Jiko la nani?"

"Lako. Wewe na Mama Léocadie ndio wenyewe. Mimi msaidizi tu."

Mama Léocadie alikuwepo. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, msafishaji wa maofisi, na kila alipotoka kazini alipitia kwa Bi Ummukulthum kumbebea vitu vya sokoni, kwa sababu lifti ya jengo lile ilikuwa ikifanya kazi inapopenda.

"Na weye, Papa Matar, unapata nini?"

"Mimi? Dua zenu zinanitosha."

Mama Léocadie akaviangalia viatu vyake, vilivyong'aa kama kioo. "Mutu wa viatu kama ile haishi na dua."

Lakini Bi Ummukulthum alikwisha kuchukua kalamu kutia sahihi fomu za Matar. Tangu mwaka jana hakuna aliyekuwa amemtajia neno jiko.

Matar akafanya kazi, tusimnyime haki yake. Alikodi chumba katika ghala, akaweka jiko la gesi la mtumba, akanunua makoti meupe mawili na masanduku ya karatasi matupu, mengi sana, akayapanga mpaka darini ili ionekane bidhaa zinasubiri gari. Kisha akawapa kina mama maagizo.

"Siku ya ukaguzi ni kama picha ya harusi. Tunapendeza, tunasimama, tunatabasamu. Hakuna kupika. Sufuria tunazifunika tu."

Bi Ummukulthum akashtuka. "Mgeni aje jikoni kwangu, afunue sufuria, akute hewa?"

"Hatafunua."

"Na akifunua?"

"Shangazi, huyo ni mkaguzi wa serikali, si mposaji!"

Bi Ummukulthum akanyamaza. Kwa asiyemjua, kunyamaza kule kulifanana na kukubali.

Siku ya ukaguzi, kabla hakujapambazuka vizuri, wanawake wawili walipanda basi na ndoo ya unga uliokandwa, beseni la nyama na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao Mama Léocadie. Dereva alisubiri mlango ukiwa wazi mpaka kila kitu kikaingia, na mchuzi kidogo ulipomwagika sakafuni, alitazama mbele kana kwamba hakuona. Mungu amjaalie, popote alipo.

Matar alipofika na tai yake mpya, harufu ilikuwa imemtangulia getini. Ndani, mafundi sita wa gereji ya jirani walisimama foleni.

"Nimesema hakuna kupika!"

"Umesema," Bi Ummukulthum alijibu. "Shika sinia hili."

Akalishika, na hapo hapo mkaguzi akaingia. Alikuwa mama wa Kihindi, koti la mvua, nywele fupi, Kiingereza cha kukata kwa mkasi. Jina lake Indu, alitoka Stanmore, upande mwingine wa mji. Matar akamkaribisha kwa Kiingereza kitamu, kisha akawageukia wanawake kwa Kiswahili, huku akitabasamu.

"Mlisheni upesi aondoke. Asiguse masanduku! Akigusa yataanguka yote, na mimi nitakuwa nimeshapita mlango wa nyuma."

Bi Indu alikula sambusa moja. Akala ya pili. Akaenda kwenye jiko, akafunua sufuria, akaonja sombe. Kisha akasukuma sanduku moja kwa kidole, na ukuta mzima wa masanduku ukateremka polepole juu ya mabega ya Matar.

"Hii sambusa ina tangawizi," Bi Indu alisema, kwa Kiswahili safi. "Marehemu mama alitia tangawizi hivi hivi. Sisi ni watu wa Kisumu. Baba alikuwa na duka la bati."

Basi yote aliyoyasema Matar aliyaelewa.

"Bi mkubwa," Matar alisema kutoka kwenye masanduku, "mimi hapa sihusiki. Mimi mpita njia. Sina kazi, mwaka wa pili sasa napokea posho ya wasio na kazi, waulize ofisi ya kazi! Naishi mtaa huu huu!"

"Nitawauliza," Bi Indu alisema kwa upole. Akamgeukia Bi Ummukulthum. "Mama, nikiondoka mtazima jiko?"

"Nikiachiwa, mwanangu, silizimi mpaka nife."

Bi Indu akachukua sambusa ya tatu. "Nimekagua vya kutosha. Chakula ni cha kweli, wapishi ni wa kweli, wateja wako foleni. Katika chumba hiki kitu cha uongo ni kimoja, na kimevaa tai. Oveni na mashine ya kukandia zitaletwa kwa majina ya wenye biashara, na zitafungwa sakafuni kwa bolti. Sasa mnahitaji mfanyakazi mmoja, mtu wa mtaa huu, asiye na kazi zaidi ya mwaka."

Wanawake wote watatu wakamtazama Matar.

"Kama akikataa?" Bi Ummukulthum aliuliza.

"Aliyepewa kazi akaikataa, posho yake inakatwa."

Matar akautazama mlango wa nyuma; masanduku yalikuwa yameuziba.

"Kesho alfajiri," Bi Ummukulthum alimwambia. "Unga unashushwa."

"Shangazi, mgongo wangu..."

"Mugongo itapona," Mama Léocadie alisema. "Dua zetu uko nazo."

Bi Indu alipoondoka, Bi Ummukulthum alimletea Matar sahani aliyomwekea pembeni tangu asubuhi, maana alijua hakunywa hata chai. Alikula amesimama. Kisha akalegeza tai, akaokota sanduku la kwanza, akalijaza sambusa, akalifunga. Akainua macho kuyatazama yaliyobaki.

Yalikuwa mengi mno. Na aliyeyachagua kwa wingi ule ni yeye mwenyewe.