Balbu Yangu Nyekundu na Mtungi wa Lita Ishirini

Wenzangu wachonga mawe wa kule Tabaka, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. Si nguo za mwilini. Hizo zipo, ingawa suruali nimeifua (msiniulize kwa nini).

Mnajua tangu mama watoto afariki nakaa peke yangu hapa Ekerenyo. Moshi wa koroboi umenimaliza macho. Basi fundi redio wa sokoni akanionyesha vile vitaa vidogo vyekundu vya kwenye redio. "Tata, hivi havili betri," akasema. "Wala haviungui kama balbu."

Mimi huyu, wa darasa la pili, nikajiona injinia! Nikaokota balbu iliyoungua, nikaitoboa shingo polepole kwa msumari, nikaitoa utumbo (aliyechonga mawe miaka yote hiyo mkono wake hautetemeki). Ndani nikapanga vitaa kumi. Nikaunga waya kwa betri mbili nilizokuwa nimeanika juani. Jana jioni ikawaka. Nyekundu, kama makaa yanayopumua. Nikazunguka nayo kwenye migomba kuangalia kuku, nikicheka peke yangu.

Sasa, nani hapa kwetu hutembea gizani na moto mwekundu usio na moshi? Mchawi. Hata mtoto anajua. Mimi pia nilijua, lakini furaha ilinipofusha.

Asubuhi natoka na kikombe cha chai, watu wamejaa uani. Mbele yao Nyaboke, mke wa ndugu yangu mdogo. Nyuma yake vijana wenye panga, na mtungi wa mafuta ya taa, lita ishirini. (Natengeneza balbu ili nisinunue mafuta, nayo yananifuata nyumbani bure!)

"Shemeji, jana ulikuwa umebeba nini?" Nyaboke akauliza. Hakunitazama machoni.

"Balbu."

"Balbu gani haina stima? Tumeona kwa macho yetu!"

Mwaka jana walichoma nyumba ya mama mmoja mzee ng'ambo ya mto. Alikuwa ndani. Mimi nilikuwepo. Nilisimama barabarani, mikono mfukoni, sikusema hata neno moja. Leo nikatafuta kwenye umati uso wa mtu atakayenisemea. Wote mikono mfukoni.

Nikakimbilia balbu. Nikaweka betri. Haiwaki!

"Moto wao huogopa jua," kijana mmoja akasema, akafungua kifuniko cha mtungi.

Hapo ndipo suruali... tuendelee. Nikakumbuka vitaa hivi vina ujeuri: betri ikikaa kinyume, vinanuna. Nikazigeuza. Vikawaka, lakini kwenye jua lile nani ataona? Nikamgeukia mzee wa kijiji.

"Omogaka, ingiza kichwa ndani ya koti langu uone."

"Niingize kichwa kwa koti ya mchawi?"

"Ukifa, wanichome."

"Watakuchoma hata nisipokufa."

Lakini akaingia. Tukakaa humo kama mbuzi wawili kwa gunia moja, ananipumulia ugoro. Halafu sauti yake ikatoka chini ya koti: "Ni vitaa! Ni vya redio hivi!"

Wengine wakapanga foleni. Kila aliyetoka alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana akarudisha kifuniko. Ingeishia hapo, ningekuwa bado mtu wa heshima.

Wa mwisho kuingia alikuwa kiongozi wetu wa kwaya. Huyo alichelewa kutoka.

"Kumi," akasema. "Vyekundu. Kama vile vya amplifaya ya kanisa iliyokufa mwezi uliopita."

Wenzangu, mimi ni shemasi. Ufunguo wa kanisa ninao mimi. Nilidhani mashine kubwa vile haitadhurika nikiing'oa vitaa kumi. Na ilipokufa, mimi ndiye niliyesimama nikaomba kwa machozi Mungu amfichue aliyeiharibu. (Amejibu. Huchukua muda, lakini hujibu.)

"Vya kanisa? Hapana, mimi sijui..." nikaanza.

"Kama si vya kanisa, umevitoa wapi?" Nyaboke akaruka. "Kwa wenzako wa usiku?"

Mkono wa kijana ukarudi kwenye kifuniko.

Nikapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wakasikia: "Mimi si mchawi! Mimi ni mwizi! Niliiba kanisani!"

Mama mmoja akacheka. Kisha wote. Waliondoka wakicheka, na mtungi wao. Nyaboke akabaki nyuma, akaokota kikombe changu kilichoanguka, akakisuuza, akaniwekea mezani. "Afadhali," akasema, akaenda zake.

Ushemasi umekwisha. Jumamosi, siku yetu ya Sabato, nitasimama mbele ya kanisa niungame tena, taratibu, kwa wale ambao hawakusikia vizuri. Mkikutana na mtu wa huku akawaambia mimi ni mwizi, tafadhali mkubalieni haraka, kabla hajafikiria neno lingine.